Jasho la Mfanyakazi ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika kumi hili la mwisho la Ramadhani. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazee wetu na kina mama: wiki hii wengi wetu tunawanunulia watoto nguo za Idi. Darsa letu la leo linahusu mikono iliyozishona. Swali lenyewe ni hili: kampuni inapofaidika na kazi ya watu isiowaajiri yenyewe, dhima yake kwao inaishia wapi?

Katika Hadithi Qudsi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha akamnyima ujira. Na mafakihi wetu wameweka kanuni kwamba faida na dhima hufuatana: anayevuna faida ya jambo hawezi kuukwepa mzigo wake.

Tazameni yaliyotokea Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, liliporomoka jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza. Siku moja kabla, kuta zilionekana zina nyufa. Benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini washonaji wakaamriwa warudi kazini. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Nguo walizozishona zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani, na kila kampuni ingeweza kusema: hao si waajiriwa wangu.

Kampuni ya H&M, yenye makao makuu hapa Stockholm, haikuwa ikinunua nguo katika jengo hilo, lakini ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa nchini humo. Mwezi Mei 2013 ilitia saini, pamoja na vyama vya wafanyakazi, mapatano ya usalama wa viwanda vya Bangladesh. Mapatano hayo yalizidi ahadi za hiari kwa mambo manne: yalifunga kisheria, wakaguzi wake walikuwa huru, ripoti zao zilitangazwa hadharani, na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo la hatari.

Msingi wa haya umo katika kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011. Dola hulinda haki za binadamu. Kampuni huziheshimu, kwa waajiriwa wake na kwa wanaoiuzia bidhaa. Na aliyedhulumiwa hupata njia ya kufidiwa. Kwa hiyo kampuni haina budi kujua nani anaifanyia kazi na katika hali gani, kuzuia madhara, kufuatilia, na kufungua mlango wa malalamiko.

Hata hivyo, ukaguzi peke yake hautoshi. Mnunuzi akituma wakaguzi huku akiikandamiza bei, mwenye kiwanda ataifidia hasara hiyo kwa ujira wa mshonaji. Mwaka 2013 hiyo hiyo H&M ilitangaza azma kwamba kufikia 2018 viwanda vyenye wafanyakazi 850,000 viwe na mifumo ya kulipa ujira wa kujikimu. Mwaka 2018 wanaharakati wa Clean Clothes Campaign walieleza kwamba wafanyakazi waliowahoji walikuwa bado hawaupati. Haki hupimwa kwa kile kinachofika mkononi mwa mfanyakazi.

Na tusiwanyoshee kidole wakubwa tu. Miongoni mwetu wapo wanaosafisha maofisi usiku, na wapo wenye kampuni ndogo zinazopokea kazi kutoka kampuni kubwa. Kazi hupita mikono mitatu, na wa mwisho humchukua ndugu aliyewasili juzi, asiyejua lugha, akamlipa nusu bila mkataba, kisha akasema: nimemsaidia. Huo si msaada, ni dhuluma iliyovikwa kanzu ya udugu.

Sweden haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Viwango hupangwa katika mikataba ya hali bora kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Tangu Januari 1, 2019, fundi wa ujenzi asiyelipwa na mwajiri wake anaweza kuwadai makandarasi walio juu yake. Anayesafisha maofisi hakuwekewa mlango huo, kwa hiyo ngao yake ni chama cha wafanyakazi na uchamungu wa mwajiri.

Basi mwajiri, andika mkataba, toa hati ya mshahara, lipa kwa wakati. Mfanyakazi, andika saa zako na ujiunge na chama. Na kabla hujapima Zakatul Fitri, hesabu ujira wa watu ulio mikononi mwako, kwani toba ya haki za waja haitimii mpaka haki imrudie mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atusafishie chumo letu. Amin. Wabillahi tawfiq.