UZI: "Nimesoma chuo nambari moja duniani." Nambari moja kwa nini hasa?

Kila msimu wa siasa hakosi mgombea wa kututingia digrii ya ng'ambo. Mpinzani naye anajibu kwamba vyuo vyetu kwenye orodha za dunia havionekani hata kwa darubini. Makofi pande zote. Hebu tuzifungue hizo orodha. 👇

Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, inatoa asilimia 60 ya alama kwa utafiti unaochapishwa na kunukuliwa, na 30 kwa tuzo za Nobel na Medali ya Fields. Na kile wanachokiita "ubora wa elimu"? Ni wahitimu wangapi walishinda hizo tuzo. Basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifundishwa ovyo, chuo hakishuki hata nafasi moja.

QS inahesabu walimu kwa idadi ya wanafunzi, asilimia 10. Darasani haiingii.

Sasa linganisha. Oxford, mwanafunzi wa digrii ya kwanza anaandika insha, kisha anakaa na mwalimu na mwenzake mmoja au wawili, anaitetea. Hapo huwezi kujificha nyuma ya ukumbi! Harvard, kozi kubwa profesa anahutubia ukumbi mzima, halafu vikundi vidogo vinaongozwa mara nyingi na wanafunzi wa uzamivu. Williams, kachuo ka watu kama 2,000 huko Massachusetts, hakatoi uzamivu kabisa, lakini kana kozi za wanafunzi wawili na profesa mmoja. Kwenye orodha ya Shanghai hutakaona.

Mimi nilisoma hapa hapa nyumbani. Wengine tulisikilizia madirishani. CAT zangu hazikuwahi kurudi na maoni, na alama za kozi moja zilipotea hadi mwaka wa nne, nikakosa kuhitimu na wenzangu. Hilo hakuna orodha inayolipima.

Kwa hivyo mgombea akiahidi "kupandisha vyuo vyetu", tulia kwanza. Chuo kinaweza kupanda kwa kuajiri watafiti wachache wenye majina, na wewe ukabaki dirishani. Muulize: darasa la mwaka wa kwanza litakuwa na watu wangapi? Nani atasahihisha CAT, na zitarudi baada ya wiki ngapi? Wahadhiri wa mkataba watalipwa lini?

Akianza kutaja Harvard tena, rudia swali.