Je, Wajua? Mwangwi Mmoja Watosha Kwaya Nzima

Zamani kanda za kurekodia muziki zilipakwa oksidi ya chuma, na nafasi juu yake ilikuwa finyu. Mwaka 1967 The Beatles walitoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyorekodiwa kwa mashine za traki (njia za sauti) 4 tu! Zikijaa, sauti zake zilihamishiwa kwenye mashine nyingine zikiwa zimechanganywa. Kila uhamisho uliongeza kelele za kanda.

Leo uhaba huo haupo. Katika programu ya kurekodia ya REAPER 7, ya mwaka 2023, traki moja hubeba hadi chaneli 128.

Kinachoelemewa sasa ni prosesa ya kompyuta. Anayerekodi kwaya ya sauti 8 nyumbani akiwekea kila sauti mwangwi wake, kompyuta hukokotoa mwangwi mara 8. Akizielekeza zote kwenye traki moja ya mwangwi, hesabu hufanywa mara moja. Tena waimbaji husikika wamo chumba kimoja.

Ila kuna mtego. Sauti ileile ikifika traki kuu, inayokusanya sauti zote, kwa njia mbili, kwa kiwango sawa, hupanda desibeli 6. Dawa ni kuzima njia moja.