Kujifunza na Kushindana: Maisha ya Shule ya Mbio za Theluji Msimu Unapoanza

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hukuta kazi mbili zilizofanana sura lakini zisizofanana tabia. Kazi ya kwanza ni kufundisha. Kazi ya pili ni kupima. Wengi wetu huzichanganya, hata tukadhani kwamba mtoto anayepimwa kila mara anajifunza kila mara. Makala haya yanakusudia kuitenga tofauti hiyo kwa kutumia mfano wa shule za namna ya pekee, yaani shule zifundishazo mbio za kuteleza juu ya theluji. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu katika shule hizo mvutano baina ya kazi hizo mbili hujitokeza waziwazi kila mwaka, pale msimu wa mashindano unapoanza.

Mchezo wenyewe

Sisi tunaoishi karibu na ikweta theluji twaijua zaidi kwa kuitazama kutoka mbali, kileleni Kibo. Katika nchi za baridi theluji hufunika milima kwa miezi mingi, na watu wake wamejifunza kuteremka juu yake kwa skii. Skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zenye kingo za chuma pande zote mbili, ambazo mtelezaji huzifunga kwenye buti zake ngumu. Mchezo huu si wa wenyeji wa nchi za baridi peke yao: Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea ya Kusini.

Katika mbio, fito hupandwa kwenye mteremko ili kufanya milango, na kila mtelezaji hushuka peke yake akiipita milango hiyo kwa zamu. Katika aina ya mbio iitwayo slalomu milango hukaribiana sana: kutoka kona moja hadi nyingine ni mita 6 hadi 13 tu. Mtelezaji akiruka mlango mmoja, matokeo yake hufutwa. Mshuko mmoja huchukua muda wa dakika moja hivi, na muda huo hupimwa kwa sehemu za mia za sekunde. Kila mshindani hushuka mara mbili, na kabla ya mshuko wa pili fito hupandwa upya katika mpangilio mwingine. Washindani huruhusiwa kuikagua njia polepole kabla ya mbio, lakini ni mwiko kuijaribu kwa kuteleza kati ya milango. Hivyo basi, kila mmoja hukutana na njia asiyoizoea, naye hana budi kutegemea yale aliyokwisha kujifunza.

Shule na shabaha yake

Zamani kijana mwenye kipaji cha mbio hizi alikuwa na njia mbili: ama aache masomo afuate mlima, ama aache mlima afuate masomo. Shule za mbio za theluji zilianzishwa ili kuuondoa ulazima huo. Nchini Austria, shule ya Stams ilianza mwaka 1967 katika eneo la monasteri ya kale. Huko masomo ya sekondari ya juu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4, hutandazwa katika miaka 5 ili yapate nafasi pamoja na mazoezi. Nchini Marekani, Warren Witherell alianzisha shule ya Burke Mountain Academy mwaka 1970 katika jimbo la Vermont, karibu na mpaka wa Kanada. Ni shule ndogo ya bweni iliyo chini ya mlima Burke.

Mwaka 1972 Witherell alitoa kitabu juu ya ufundi wa watelezaji wa mbio. Fundisho lake kubwa lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda: skii ikilazwa vizuri juu ya ukingo wake wa chuma, itapinda yenyewe na kuchora mstari mwembamba katika theluji. Asiyejua huisukuma kwa nguvu za miguu. Skii huburuzika, theluji hutimka, na mwendo hupotea. Tazama basi jinsi mwalimu huyo alivyolikusanya somo zima katika jambo moja ambalo mwanafunzi anaweza kulijaribu, kulihisi na kulikagua mwenyewe kwa kuangalia alama aliyoiacha nyuma yake.

Novemba inapofika

Miezi ya Septemba na Oktoba ni miezi ya vitabu na ya kujenga mwili. Wanafunzi hukimbia, huinua vyuma na kusoma masomo mengi kadiri iwezekanavyo, kwani wanajua kwamba majira ya baridi yatawala muda wao. Novemba baridi huzidi. Theluji ya mbinguni ikichelewa, mitambo hurusha maji na hewa iliyoshindiliwa, na matone huganda kabla ya kufika chini. Polepole mteremko mmoja hugeuka mweupe, na shule nzima hubadili mwendo.

Katika shule za namna hii siku hugawanywa kati ya mlima na darasa. Aghalabu asubuhi ni ya mlima, wakati theluji ingali ngumu. Baadaye huja darasa la hesabu, historia na lugha. Jioni wanafunzi hunoa kingo za skii zao na kuzipaka nta, kwa maana chombo ni dhamana ya mwenye chombo. Kisha hutazama picha za video za mishuko yao wakiwa na kocha wao, ndipo huketi kwa masomo ya usiku. Mashindano yanapoanza huongezeka safari: mwanafunzi huondoka kwa siku kadhaa akiwa amebeba skii begani na madaftari mkobani.

Hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa. Kila mwanafunzi anataka kushindana kila juma. Wazazi wanataka kuona jina la mtoto katika orodha ya matokeo. Hata kocha hupenda kujua shule yake imesimama wapi. Je, kwenda kushindana kila nafasi inapopatikana si ndiyo njia ya kuwa hodari?

Hesabu ya mazoezi

Na tufanye hesabu. Tuseme njia ya slalomu ina milango 50. Siku ya mashindano mwanafunzi hushuka mara 2. Kwa hiyo amepinda kona 100, kama hakuanguka. Siku hiyohiyo ameamka alfajiri, amesafiri, amekagua njia, amesubiri zamu yake katika baridi, na amerejea usiku. Mwenzake aliyebaki shuleni ameshuka, tuseme, mara 10. Amepinda kona 500. Zaidi ya hayo, baada ya kila mshuko kocha wake amemwambia neno moja, naye amepanda tena mlimani kulijaribu neno hilo. Wa kwanza amepimwa. Wa pili amejifunza.

Mtu aliyeifanya hesabu hiyo ijulikane ulimwenguni ni Mikaela Shiffrin, aliyezaliwa mwaka 1995 na kusoma Burke. Wazazi wake, pamoja na Kirk Dwyer aliyekuwa kocha na mkuu wa shule hiyo, walitanguliza mazoezi mbele ya mashindano, wakati vijana wengi wa rika lake walikuwa safarini wakitafuta matokeo. Hakupunjika. Mwezi Machi 2011, kabla ya kutimiza miaka 16, alishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka 2014, akiwa na miaka 18, alipata medali ya dhahabu ya slalomu katika Olimpiki ya Sochi. Tarehe 23 Februari 2025, huko Sestriere, Italia, alipata ushindi wake wa 100 katika Kombe la Dunia, idadi ambayo hakuna mtelezaji aliyepata kuifikia kabla yake.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba mazoezi humkinga mtu na kila baya. Tarehe 30 Novemba 2024, mlimani Killington, katika jimbo hilohilo la Vermont, Shiffrin aliongoza katika mshuko wa kwanza wa slalomu kubwa. Katika mshuko wa pili alianguka na kuumia tumboni, akakaa nje ya mashindano kwa wiki kadhaa. Je, siku ile alikuwa amesahau kuteleza? La, hasha. Matokeo ya siku moja yanatuambia lililotokea siku ile. Hayatuambii yote ayajuayo mwanafunzi.

Mashindano yana kazi yake

Isidhaniwe kwamba makala haya yanapinga mashindano. Yapo mambo ambayo mlima wa nyumbani hauwezi kuyafundisha: kuutuliza moyo unaodunda mlangoni pa kuanzia, kuteleza juu ya theluji iliyochimbika kwa waliotangulia, kuanguka mbele ya watu na kuinuka bila aibu. Vilevile mashindano humfunulia kocha kasoro zilizojificha. Lakini hufunua tu. Kuitibu kasoro ni kazi ya mazoezi. Ndiyo maana kocha mwenye busara, baada ya matokeo mabaya, humrudisha hata mtelezaji hodari kwenye mteremko wa upole, akafanye tena mazoezi ya wanaoanza, na hakuna anayeona kuwa ni adhabu.

Mafunzo kwa mwalimu wa shule ya msingi

Mwalimu wa darasa la watoto wengi, mwenye ubao na chaki, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana.

Kwanza, atenge wakati wa kujifunza na wakati wa kupimwa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokaribia, ni rahisi kujaza kila kipindi kwa majaribio. Mtoto asiyejua kugawanya kwa tarakimu mbili akipewa majaribio manne kwa mwezi, atakosa mara nne. Hakuna jaribio hata moja kati ya hayo lililomfundisha kugawanya.

Pili, asahihishe kosa moja kwa wakati mmoja. Mtelezaji aliyeambiwa mambo sita mlimani hukumbuka moja au hakumbuki lolote. Vivyo hivyo daftari la insha lililojaa wino mwekundu humwambia mtoto kwamba ameshindwa, wala halimwambii aanzie wapi. Chagua kosa lililo mzizi wa mengine, na umpe nafasi ya kujaribu tena papo hapo.

Tatu, asione haya kurudi kwenye misingi. Mwanafunzi wa darasa la sita anayesoma kwa kukwamakwama arudishwe kwenye silabi kwa heshima, kama mtelezaji anavyorudishwa kwenye mteremko wa upole.

Nne, asilichukue jaribio moja kuwa hukumu. Alama ndogo ya Jumatatu ni habari kwa mwalimu kabla ya kuwa aibu kwa mtoto.

Hitimisho

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Shule ya mbio za theluji huandaa wanafunzi kwa dakika mbili za mashindano kwa kuwapa maelfu ya kona ambazo hakuna anayezihesabu wala kuzishangilia. Kazi kubwa ya mwalimu imo katika kona hizo. Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapoandika andalio la somo lako lijalo, jiulize: katika dakika hizi 40, kila mtoto atapata nafasi ngapi za kujaribu, kukosea, kuelekezwa na kujaribu tena? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha kama unafundisha au unapima.

Maswali ya kujadiliana

1. Chukua somo moja ulilolifundisha au kulishuhudia. Eleza ni sehemu gani ilikuwa ya kufundisha na ni sehemu gani ilikuwa ya kupima.

2. Mzazi analalamika kwamba hutoi majaribio ya kutosha. Utamjibuje kwa adabu na kwa hoja?

3. Andika makosa matano yanayotokea mara kwa mara katika insha za darasa la tano. Ni lipi utakaloanza nalo, na kwa nini?