Ndoo ya Uraka na Mashua Zisizoonekana

Wajukuu zangu, kaeni hapa barazani, ila ndoo ile msiiguse. Nimekamulia mabibo tangu jana. Tegeni sikio: mnasikia inavyonong'ona? Inachemka bila moto. Uraka ni wa wakubwa, nyinyi leo mtapata hadithi yake tu.

Sukari ya mabibo inaliwa na hamira, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Sikuitia mimi, imekuja yenyewe na maganda. Ndani ya kila kijidudu mna mafundi waitwao vimeng'enya, na kila fundi ana kazi yake: huyu anakata, yule anaunganisha. Bila wao sukari ingekaa hivyo hivyo siku nenda rudi.

Basi mwaka 1906, huko London, Arthur Harden na mwenzake William Young walikuwa na maji yaliyokamuliwa kwenye hamira. Wakayasukuma kupitia chujio la kubana kupita kiasi, kiasi kwamba vimeng'enya, kwa ukubwa wao, vikakwama juu. Wakatia sukari kwenye kilichokwama: kimya. Wakatia kwenye kilichopita: kimya. Wakavichanganya tena: povu!

Kilichonifurahisha mimi ni hiki. Walichukua maji mengine ya hamira wakayachemsha. Kimeng'enya kikichemshwa huharibika kama ute wa yai, haurudi tena kuwa maji. Lakini maji hayo ya moto yalipotiwa kwa wale mafundi waliokwama, kazi ikaanza! Kumbe fundi ana msaidizi mdogo asiyeogopa moto. Wasaidizi wa namna hiyo ndio koenzaimu, na mmoja wao mkubwa kwenye hamira leo tunamwita NAD.

Sasa, nani hajavuka kwenda Msangamkuu? Wote mmevuka. Mashua inapakia huku, inashusha ng'ambo, inarudi tupu. Isiposhusha, hata abiria wajae ufukweni, safari hakuna. NAD ni mashua hiyo. Kimeng'enya kimoja kinaivua sukari hidrojeni na kuipakia kwenye NAD. NAD inakwenda kuishusha kwa kimeng'enya kingine, kisha inarudi kupakia tena.

Kwenye ndoo yangu, mzigo unashushwa juu ya mabaki ya ile sukari iliyokatwakatwa, na mabaki hayo yakishaupokea yanageuka kilevi. Hamira haina habari na ulevi wa mtu, inatafuta pa kutua mzigo tu. Nyinyi mkiwa mmetulia, hidrojeni yenu huishia kwenye oksijeni mnayovuta, ikawa maji. Mkikimbia mbio kali hewa haitoshi, mashua zinashushia penye nafasi, na msuli unatengeneza asidi ya laktiki. Hamtengenezi uraka, msiogope.

Kwa kuwa mashua zinarudi, hazihitajiki nyingi. Ila huchakaa, na mwili huziunda upya kwa vitamini iitwayo niasini. Iko kwenye samaki, iko kwenye karanga. Kwenye mahindi pia imo, lakini imefungwa, tumbo haliifungui kirahisi.

Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji, majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa kambini Malawi wakila mahindi ya msaada. Karanga za mgawo zikakatika. Watu zaidi ya 18,000 wakaugua pelagra: ngozi ya shingoni na mikononi, pale jua linapopiga, ikawa nyeusi na kubambuka kama iliyoungua, na wengine wakaharisha. Chakula cha kushibisha kilikuwepo. Mafundi walikuwepo. Mashua ndizo zilizopungua.

Haya, wewe wa mwisho, sogeza ungo tumenye karanga. Na kifuniko cha ndoo nani kakifunua?