Leicester: Walikatazwa kuja, watoto wao wakakulia sokoni

LEICESTER ni jiji lililo takribani kilomita 160 kaskazini mwa London. Katika mtaa wake wa Belgrave Road unaweza kuagiza muhogo wa kukaanga wenye pilipili, na muuzaji asishangae. Kwenye orodha ya vyakula utaukuta umeandikwa “mogo”. Neno hilo lilifika huko na familia za Kihindi zilizotoka Kampala, Jinja, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Waliokulia Leicester kati ya miaka ya 1950 na 1980 hupenda kusimuliana utoto wao. Mfanyabiashara anayevuka Busia, Namanga au Mutukula na mzigo wake atasikia mengi anayoyajua katika masimulizi hayo, kwa kuwa karibu yote hupitia kiwandani, dukani au sokoni.

Viwanda na likizo ya Julai

Wenyeji wa zamani huanza na viwanda. Jiji hilo liliishi kwa soksi, sweta na viatu, na kinamama wengi walikuwa mafundi wa cherehani. Kila Julai viwanda vilifungwa kwa pamoja wiki mbili, na familia zilizojiweza zikaenda kupumzika pwani ya mashariki, hasa Skegness na Mablethorpe. Mtoto aliyekwenda huko alikutana ufukweni na majirani wale wale aliowaacha mtaani.

Wanakumbuka pia krispi za Walkers, zilizoanzia hapo hapo. Mwaka 1948 nyama ilikuwa bado ya mgao baada ya vita. Biashara ya nyama ya Walkers ilikuwa na wafanyakazi lakini haina mzigo wa kutosha, ikageukia kukaanga viazi vilivyokatwa vyembamba. Biashara ya dharura ikawa kubwa kuliko ya awali.

Halafu kuna soko kuu, ambalo limekuwepo kwa zaidi ya miaka 700. Chini ya paa lake wachuuzi walishindana kwa sauti kunadi matunda na mboga, na mteja aliitwa “me duck”, yaani “bata wangu”. Si tusi; ni namna ya watu wa huko kumkaribisha mtu. Mwanasoka Gary Lineker, aliyezaliwa Leicester mwaka 1960, anatoka katika familia iliyokuwa na kibanda cha matunda na mboga sokoni humo.

Siku 90

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Wengi walikuwa na pasi za Uingereza, hivyo huko ndiko walikotazamia kwenda. Halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus lililochapishwa Kampala, ikiwasihi wasiende Leicester kwa sababu nyumba, shule na huduma zilikuwa zimeelemewa.

Takribani watu 28,000 waliingia Uingereza, na maelfu kati yao wakaishia Leicester, ambako baadhi walikuwa na ndugu waliotangulia. Wapo waliosema baadaye kwamba tangazo hilo ndilo lililowafahamisha kuwa kuna mji wa jina hilo.

Watoto wa familia hizo nao wana kumbukumbu zao: baridi ya kwanza, makoti ya msaada, kambi za zamani za jeshi walikofikia. Wanakumbuka baba aliyekuwa na duka lake Kampala akiamka usiku kwenda zamu ya kiwandani. Wanakumbuka matusi ya njiani na kampeni za National Front, chama kilichotaka wageni warudishwe kwao.

Kazi nayo haikuwa na usalama. Mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia waligoma katika kiwanda cha mashine za kuchapa cha Imperial, wakilalamikia ubaguzi katika malipo. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa. Viwanda vya nguo navyo vikaanza kupungua.

Hapo ujuzi wa Kampala ukahitajika tena. Maduka ya sari, vito, vitamu na viungo yakaongezeka Belgrave Road. Watoto walifanya kazi za shule nyuma ya kaunta, huku wakipima dengu na kurudisha chenji. Nyumbani walizungumza Kigujarati chenye “sufuria” na “fagio” ndani yake, na mitaani wakajifunza kuitana “bata wangu”. Leo Diwali ya mtaa huo ni miongoni mwa sherehe kubwa za Diwali nje ya India.

Uganda ilipoteza nini

Huku kwetu hesabu ilikwenda kinyume. Maduka yaligawiwa watu, wengi wao wakiwa hawana uzoefu wala wasambazaji. Sukari, chumvi na sabuni vikaadimika, na biashara ikahamia kwenye magendo. Wazee wa miji ya mpakani wanaijua vizuri miaka hiyo. Duka lilikuwa zaidi ya jengo na rafu. Lilikuwa pia mkopo, mteja anayeaminika na mtu wa kupigiwa simu mzigo unapokwama, na vitu hivyo havigawiwi kwa amri.

Leicester si pepo. Septemba 2022, mwaka wa 50 tangu watu hao wafukuzwe Uganda, vijana wa Kihindu na Kiislamu walipambana mitaani, na polisi walilazimika kuingilia kati. Soko la zamani nalo lilibomolewa paa, na wachuuzi wakahamishiwa uwanja wa jirani. Ndiyo maana masimulizi ya utoto yamepata uzito: kila upande unahofia kusahauliwa.

Sensa ya mwaka 2021 ilionesha kwamba hakuna kundi la asili moja linalofikia nusu ya wakazi wa Leicester. Halmashauri iliyolipia tangazo la kuwazuia watu wasije leo hukusanya kodi kwenye maduka yao, na kwenye baadhi yake anayekupokea ni mjukuu wa muuza duka wa Kampala.