Kukanya, na Mengine Uliyoyasikia

Kariakoo, hasa Mtaa wa Kongo, kila mtu ni bingwa wa Kiswahili mpaka umwulize maana ya neno. Chukua "kukanya". Haya umeshayasikia.

"Kukanya ni kukataza tu." Si kweli. Tazama ukuta wa uchochoro wowote: "Usikojoe hapa, faini 50,000." Huko ndiko kukataza. Ukuta unazuia tendo, haujali wewe ni nani. Kukanya kunamtaka mtu. Shangazi anamkanya mpwawe anayechukua mzigo kwa mali kauli kwa watu watatu na kumkimbia kila mmoja. Anaijua tabia yake, na hana faini ya kumtoza. Ndiyo maana kitenzi hiki karibu kila mara hubeba mtu tumboni: alimkanya, tuwakanye, nikukanye mara ngapi?

"Kumkanya mtu ni kumkatisha tamaa." Si kweli, na hili linaniudhi. Anayemwambia mgeni wa biashara "hapa hutoboi" amemkatisha tamaa. Angemwambia "pesa ya kodi usiinunulie mzigo", hapo angekuwa amemkanya, na mgeni angebaki na duka lake. Wanaofasiri kutoka Kiingereza ndio wanaotuchanganya, maana kule neno moja hubeba yote mawili. Kumeza Kiingereza tunajua. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ila si kila tonge humezwa.

"Neno lenyewe lina harufu ya chooni." Si kweli, vijana wacheke wapendavyo. "Akanya" ya msalani ni a-ka-nya, kitenzi kingine kabisa. Mbele ya wakwe sema "alimkanya" bila wasiwasi.

"Kuonya ni kumfanya mtu aone." Kweli tupu; mzee aliyekuambia hakukosea. Ona huzaa onya kama pona inavyozaa ponya. Kanya nayo imetoka kwa kana: kumfanya mtu alikane jambo, aachane nalo.

"Asiyepaza sauti hajakanya." Si kweli. Kupaza sauti ni kukemea, kazi ambayo wapiga debe wa Gerezani wanaiweza bila kufundishwa. Yule shangazi alimvuta mpwawe nyuma ya majora ya vitambaa, akanong'ona. Jirani wa duka la pili, ambaye hukosa kusikia machache sana, hakuambulia kitu.