Mgombea huru ana nguvu gani? Hebu tupige hesabu kabla ya 2027

Tangu Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kuna wazo moja halitoki midomoni mwa watu wa rika letu. Utalisikia kwenye baraza za Kibokoni, utalisikia kwenye matatu ya kwenda Buxton, na pengine wewe mwenyewe ushalisema: vyama vyote ni vile vile, 2027 tuchague watu huru.

Wazo silipingi. Ila bungeni hakuna kinachopita kwa hasira, kinapita kwa idadi. Kwa hivyo kabla hujampa mtu kura yako kwa sababu tu hana chama, kaa nami kidogo tuangalie hiyo nguvu inatoka wapi na inaishia wapi.

Mizani ya sahani mbili

Fikiria ile mizani ya zamani ya wauza viungo pale Marikiti. Weka kilo moja huku, kilo moja kule, mizani inatulia. Sasa dondosha punje chache za pilipili manga upande mmoja. Unainama papo hapo. Pilipili si nzito, ila pande mbili zilikuwa sawa.

Mwanasiasa huru ni hizo punje. Marekani, mwaka 2001, Seneti yao ilikuwa 50 kwa 50, na Republican walishika usukani kwa sababu kura ya makamu wa rais ndiyo iliyovunja sare. Seneta mmoja tu wa Vermont, Jim Jeffords, akatoka Republican akawa huru, akakaa na Democrats. Mtu mmoja! Uongozi wa Seneti nzima ukabadilika mikono, na uchaguzi haukufanyika.

Lakini usisahau upande wa pili wa hadithi. Mizani ikiwa na kilo kumi huku na kilo mbili kule, mwaga gunia zima la punje utakavyo, hakuna atakayekuangalia. Mtu huru ana nguvu pale wakubwa wanapokabana koo. Wakipatana, basi yeye ni mgeni tu aliyekuja kunywa chai.

Wazee wetu hawakuwa na nafasi hii

Kama wewe ni wa Mji wa Kale, muulize babako au mjombako kuhusu 1992. Mwaka huo vyama vingi vilikuwa vimerudi, na hapa Mombasa ikaanzishwa IPK, Islamic Party of Kenya. Serikali ikakataa kuisajili, ikisema ni chama cha dini. Vijana wakaingia barabarani, polisi wakaja, na mji ukawaka.

Leo ungesema, si wangesimama huru? Hapana. Katiba ya zamani ilitaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Huna chama, huna jina kwenye karatasi ya kura. Ikabidi wafuasi wa IPK wabebwe na Ford-Kenya, na kwa msaada wao Ford-Kenya ikaibuka na viti vya Likoni na Kisauni. Yaani watu waliotaka sauti yao wenyewe ilibidi waazime shati la mtu mwingine ndipo waingie ukumbini.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyofungua mlango. Kifungu cha 85 kinasema unaweza kusimama bila chama, mradi hukuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Halafu kifungu cha 103 kikaweka kufuli: ukichaguliwa ukiwa huru kisha ukajiunga na chama, kiti kimekwenda.

Kufuli hilo ni zuri, ila lina nafasi ya kupenya. Haliwezi kukuzuia "kushirikiana".

2022: punje zilivyonunuliwa mapema

Bunge la Kitaifa lina viti 349. Ukitaka wingi kamili unahitaji 175. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, si Azimio wala Kenya Kwanza waliofika hapo. Na katikati walikuwepo wabunge huru 12. Hesabu tamu kabisa. Hawa 12 wangekaa pamoja wakasema, "Sisi tunataka hiki na hiki kwa watu wetu, anayekubali aje tuzungumze," wangesikilizwa na kila mtu.

Hawakukaa pamoja. Wiki chache tu, kabla hata Bunge halijaketi, wengi wao walikuwa washapigwa picha na upande wa William Ruto. Hawakujiunga na chama, la. Walikubali tu "kufanya kazi na serikali". Vyama vidogo vilivyokuwa Azimio, kama UDM na PAA, navyo vikahama na watu wao. Spika alipochaguliwa Septemba, Moses Wetang'ula akapata kura 215, mpinzani wake Kenneth Marende 130. Mizani ikalala upande mmoja, na kuanzia hapo mbunge huru mmoja hakuwa na la kuuza tena.

Oktoba mwaka huo Spika akatangaza Kenya Kwanza ndiyo upande wa wengi. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema alikosea. Siku chache baadaye Spika akasimama bungeni akarudia kwamba ni Kenya Kwanza. Miaka miwili na zaidi ya kubishana nani ana wengi, na yote ilianza na watu wachache waliokuwa katikati wakaamua haraka.

Seneti: hapa ndipo Mombasa inaguswa mfukoni

Sasa twende Seneti, ambako hesabu ni nyingine. Mswada ukihusu kaunti, maseneta hawapigi kura kichwa kwa kichwa. Kila kaunti ina kura moja, na seneta aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe wa kaunti yake. Kaunti ni 47, kwa hivyo ushindi ni 24. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 143,920 Lamu, lakini siku hiyo kura ya Lamu ni sawa na ya Nairobi. Na ya Mombasa pia.

Mwaka 2020 Seneti ilitakiwa kupitisha mfumo mpya wa kugawa pesa za kaunti. Mfumo ulioletwa uliegemea zaidi idadi ya watu, ule wimbo wa "mtu mmoja, shilingi moja". Kaunti nyingi za Kaskazini Mashariki na za Pwani, Mombasa ikiwemo, zilikuwa zipoteze. Usione ni mambo ya makaratasi. Pesa za kaunti ndizo zinazoendesha Hospitali Kuu ya Pwani, ndizo zinazozoa taka, ndizo zinazolipa walimu wa chekechea na kurekebisha vichochoro unavyopita kila siku.

Wakati huo Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikuwa washapeana mkono. Serikali na upinzani chungu kimoja. Kwa hesabu ya vyama, mchezo ulikuwa umekwisha kabla haujaanza. Na miezi michache nyuma, Mei 2020, Jubilee ilikuwa imewavua vyeo Kipchumba Murkomen na Kithure Kindiki kule Seneti, kila mtu akaona bei ya kutotii.

Lakini likatokea kundi likajiita Team Kenya. Lilikuwa na watu wa Jubilee, ODM, Wiper, ANC na Ford-Kenya. Mutula Kilonzo Jr, Johnson Sakaja, Murkomen, Cleophas Malala, Ledama Olekina. Wakasema hawatapitisha mfumo ambao kaunti yoyote itapoteza. Vikao vikaitwa, vikavunjika, vikaitwa tena. Tarehe 17 Agosti 2020, siku ya kikao, polisi wakawakamata maseneta watatu: Malala wa Kakamega, Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Lang'at wa Bomet. Waliobaki wakagoma kuendelea, ikaundwa kamati ya watu 12 kutafuta suluhu.

Gharama ilikuwepo, tusidanganyane. Kaunti zilikaa bila pesa, magavana wakatishia kufunga huduma. Lakini 17 Septemba 2020 mwafaka ukapita: kura 41 za kaunti zikaunga mkono, hakuna iliyopinga. Hakuna kaunti iliyopoteza, na mfumo mpya ukasubiri hadi mwaka wa fedha wa 2021/22, pesa za kaunti zitakapopanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370.

Umeona? Katika Seneti ile alikuwepo mtu aliyechaguliwa bila chama, Charles Kibiru wa Kirinyaga. Lakini walioinamisha mizani wengi wao walikuwa na kadi za vyama mfukoni. Uhuru wao siku ile ulikuwa kwenye kura. Leo Sakaja ni gavana, Mutula ni gavana, Murkomen ni waziri. Kila mmoja ana chama na ana bosi.

Na mtu huru akiwa peke yake?

Angalia jirani zetu. Desemba 2020, ng'ambo ya kivuko kule Msambweni, Feisal Bader alisimama huru kwenye uchaguzi mdogo akaibwaga ODM. Watu wakashangilia. Lakini nyuma yake alisimama Ruto, aliyekuwa naibu wa rais, na 2022 Bader akarudi bungeni kwa tiketi ya UDA. Kwa hivyo ukiambiwa mtu ni huru, uliza nani anayelipia jukwaa.

Kisha kuna Kawira Mwangaza wa Meru. Aliingia ugavana 2022 bila chama, na bila wake katika bunge la kaunti. Wawakilishi wadi wakapiga kura kumng'oa Desemba 2022. Seneti ikamwokoa. Wakamng'oa tena 2023, Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024, mara ya tatu, Seneti ikakubali aende. Kwa kiti cha utendaji, kutokuwa na chama kunaweza kuwa kukaa nyumba isiyo na mlango.

Basi tufanyeje?

Mvita imechagua mbunge wa ODM mara nne mfululizo tangu 2007. Tumezoea suti: ukichagua gavana wa chama, unamalizia na seneta, mbunge hadi mwakilishi wadi wa rangi hiyo hiyo. Chama kikishajua utavaa tu, hakina haja ya kukubembeleza. Mimi naona nafasi nzuri ya kujaribu watu huru ni kule kwenye kura za kulinganisha, bunge la kaunti, Bunge la Kitaifa na Seneti. Na wawe zaidi ya mmoja, wenye makubaliano baina yao.

Kama unafikiria kusimama mwenyewe, masharti si ya kutisha. Udiwani unahitaji wapiga kura 500 wa wadi yako wakuunge mkono, ubunge 1,000 wa eneobunge, useneta 2,000 wa kaunti. Lakini kwanza ingia eCitizen uangalie kama jina lako limo kwenye chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa uanachama bila habari. Ukigundua mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, umechelewa.

Na kama wewe ni wa kupiga kura tu, usiridhike na neno "huru" kwenye bango. Akija barazani kuomba kura, mpe kahawa, kisha muulize mbele ya watu: siku mizani itakapolingana na simu ikaita kutoka juu, utadai nini kwa ajili ya Mombasa, na utatuambia kabla au baada ya kukubali? Akianza kukuchekea, mwambie kahawa ni ya bure, kura bado.